Kifundo Kilichoteguka Kimepona Kweli?

Tuseme unashuka mlima kule Bungu, wilaya ya Korogwe, na mkungu wa ndizi kichwani. Jiwe linateleza, wayo unapinda kwa ndani, unaanguka. Kifundo cha mguu kinavimba. Umeteguka.

Baada ya majuma mawili uvimbe umekwisha, nawe unarudi shambani. Mwezi haujaisha, mguu ule ule unateguka tena, na safari hii njia ni tambarare kabisa! Watu wanaanza kunong'ona kwamba umetupiwa kitu. Hapana. Sababu iko ndani ya mguu wenyewe.

Kwa nje ya muundi upo msuli mrefu ulioshuka mpaka kwenye wayo. Kazi yake moja ni kuuvuta wayo usipinde kwa ndani. Msuli huu haungoji uuamrishe. Umewahi kugusa sufuria ya moto? Mkono uliruka kabla hujafikiri. Na huku chini ni hivyo hivyo: wayo ukianza kupinda, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na amri ya kuvuta hurudi mara moja.

Wataalamu hupima haraka ya msuli huo. Mtu husimama juu ya ubao uliotegwa kama mtego. Nyaya nyembamba hubandikwa kwenye ngozi, juu ya msuli. Ghafla ubao unainama, na mashine inaandika msuli umeamka baada ya muda gani. Ikate sekunde 1 vipande 1000. Kwa mtu asiyeumia, msuli huamka baada ya vipande kama 50 hadi 80 tu. Kope haijamaliza kupepesa!

Baadhi ya wapimaji waliukuta msuli unachelewa kwa watu wanaoteguka mara kwa mara. Wengine hawakuona tofauti. Lakini wengi waliona kwamba watu hao huyumba wakisimama kwa mguu mmoja, na kwamba mazoezi huwasaidia. Daktari Freeman na wenzake waliandika habari hiyo Uingereza mwaka 1965.

Sisi hatuna ubao wa mtego. Tunao ukuta, na daftari tunalo.

Lakini kwanza, usicheze na mfupa. Kama huwezi kukanyaga hata hatua 4, au ukibonyeza mfupa wa kifundo unaumia sana, nenda hospitali. Wa Korogwe wanayo Magunga, na wa Handeni wanayo yao ya wilaya. Siku za mwanzo usichue wala usikande kwa maji ya moto, maana uvimbe utaongezeka. Weka kitambaa chenye maji baridi, na ukilala uinue mguu juu ya mto.

Ukiweza kusimama bila maumivu makali, jipime. Simama karibu na ukuta, bila viatu, kwa mguu usioumia. Mwenzako ashike saa. Wayo wa pili ukigusa chini, au ukishika ukuta, basi, aandike. Kisha simama kwa mguu ulioteguka. Daftari litakuwa hivi:

Jumatatu: mguu usioumia, sekunde 30. Mguu ulioteguka, sekunde 8.

Hapo utaona mwenyewe kwamba uvimbe umekwisha lakini kazi haijakwisha. Fanya zoezi hilo kila siku, mara kadhaa, kwa majuma 6 hivi. Mama unaweza kulifanya ukingoja chungu kichemke. Anza juu ya udongo mgumu. Ukizoea, simama juu ya gunia lililokunjwa, ukuta ukiwa karibu. Kufumba macho ni kwa mwisho kabisa.

Wakati huo ndoo ya maji isiwe kichwani. Najua kwenye vijiji vingi vya Handeni maji yako mbali, na hakuna wa kukuchotea kila siku. Basi chukua kidumu kidogo, upite njia isiyo na mawe hata kama inazunguka, mpaka namba mbili za daftari zikaribiane.