Kilebu Mgeni Nyumbani: Siku za Kwanza Zina Uzito

Katika boma nyingi za Makueni, mbwa huja kwa njia ile ile. Mbwa wa jirani amezaa, watoto wamekwenda kuchungulia na kuchagua mmoja mwenye doa jeupe kifuani, na jioni baba anarudi akiwa amembeba ndani ya gunia au katoni. Jina linapatikana hata kabla ya chakula cha jioni kuiva. Kisha taa zinazimwa, na kilebu anaanza kulia.

Yanayofanyika usiku huo na siku chache zinazofuata yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kilebu anayepigwa kwa sababu ya kulia hujifunza kuogopa mkono wa mtu, na mbwa mwoga huuma upesi. Anayetupwa nje hutafuta mwanya kwenye ua na kuanza kuzurura. Mbwa anayezurura ni vigumu kumchanja, na ni rahisi kwake kukutana na mbwa mwenye kichaa.

Kwa wakazi wa kaunti hii, jambo hili si dogo. Makueni ni miongoni mwa kaunti tano zilizochaguliwa kuanza kutekeleza mpango wa kitaifa wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Nyingine ni Machakos, Kitui, Kisumu na Siaya. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni watoto hao hao wanaocheza na kilebu uani.

Asiletwe mapema mno

Kilebu anafaa kukaa na mama yake hadi afikishe wiki nane. Katika muda huo anapata maziwa, na pia anajifunza kutoka kwa ndugu zake kwamba kuuma kwa nguvu kunaumiza. Anayechukuliwa akiwa na wiki nne au tano hukosa somo hilo, na mara nyingi huharisha na kudhoofika.

Siku ya kumchukua, ni vyema kumleta asubuhi badala ya jioni, ili awe na mchana mzima wa kuzoea sauti na harufu za boma kabla ya giza kuingia. Mwenye kumchukua aulize mambo matatu: anakula nini, amepewa dawa ya minyoo lini, na je, mama yake amechanjwa? Aombe pia kitambaa kuukuu ambacho mama na watoto wake wamelalia. Harufu ya kitambaa hicho itamtuliza mgeni.

Usiku wa kwanza

Kilebu halii kwa ukaidi. Tangu azaliwe hajawahi kulala peke yake. Kwa siku tatu nne za mwanzo, katoni lake liwekwe mahali anapoweza kusikia watu, kama vile jikoni au karibu na mlango, likiwa na kile kitambaa ndani. Kwa wanaoishi sehemu za baridi kama Mbooni na Kilungu, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa nguo inasaidia sana. Kwa wakazi wa Kibwezi, jambo la kuangaliwa zaidi ni kivuli na maji mchana.

Kabla ya kulala, apelekwe nje kujisaidia. Akilia usiku wa manane, huenda anahitaji kutoka tena. Atolewe kimyakimya, arudishwe, pasiwe na michezo. Akizoea, katoni lisogezwe kidogo kidogo hadi kwenye kibanda chake cha kudumu. Kibanda kiwe kimeinuliwa kutoka ardhini, kisivuje, na kiwe na nafasi ya kujigeuza.

Kuna imani kwamba mbwa akifungiwa gizani au akilishwa pilipili tangu utotoni atakuwa mlinzi mkali. Pilipili humuumiza tumbo tu, na giza humfanya awe na hofu. Mlinzi mzuri ni yule anayejua nani ni wa nyumbani na nani ni mgeni, na hilo hawezi kulijua akiwa amefungiwa. Kuanzia wiki ya tatu hadi karibu wiki ya kumi na mbili ndipo mbwa hujifunza kwa wepesi yale ya kutoogopa. Huu ndio wakati wa kumwonyesha, kwa utulivu na akiwa ndani ya boma, mbuzi, kuku, bodaboda na wageni wanaoingia langoni.

Chakula na choo

Kwa siku chache za kwanza apewe chakula alichozoea, kisha kibadilishwe pole pole kwa muda wa wiki moja. Kilebu wa umri huu anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Ugali mtupu hautoshi. Uchanganywe na omena zilizochemshwa, yai lililopikwa au nyama iliyoiva. Maziwa mengi ya ng'ombe huwaharisha vilebu wengi. Maji safi yawepo wakati wote.

Asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kumtoboa utumbo. Asipewe vitunguu. Asitupiwe matumbo, maini au mapafu mabichi baada ya mbuzi kuchinjwa, kwani humo mbwa huweza kupata minyoo inayoleta uvimbe wa majimaji kwenye ini na mapafu ya binadamu.

Kuhusu choo, kilebu karibu kila mara hujisaidia baada ya kuamka, baada ya kula na baada ya kucheza. Apelekwe mahali pale pale kila wakati huo, na akifanya vyema asifiwe papo hapo. Akikosea ndani ya nyumba, pasafishwe tu. Kumsugua pua kwenye uchafu wake hakumfundishi lolote ila kujificha.

Watoto na meno ya kilebu

Vilebu huuma wakicheza. Anapouma mkono, mchezo usimame, mkono utulizwe, na apewe kipande cha kamba au kitambaa cha kutafuna. Asipigwe, na asichokozwe ili ang'ate kwa ajili ya kuchekesha watu. Anachofundishwa leo akiwa na meno madogo atakifanya mwaka ujao akiwa na meno makubwa.

Watoto waelezwe mambo manne: asiguswe akila, asiamshwe ghafla akilala, asivutwe mkia wala masikio, na anapobebwa ashikiliwe kifuani na chini ya makalio. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata akiwa kilebu.

Minyoo, kupe na chanjo

Vilebu wengi huzaliwa wakiwa na minyoo kutoka kwa mama yao, na mayai ya minyoo hiyo yanaweza kuwaambukiza watoto wanaocheza kwenye udongo. Dawa ya minyoo huanza kutolewa akiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu. Kinyesi chake kizolewe na kufukiwa, na watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika.

Akiwa na kupe au viroboto, asiogeshwe kwa dawa ya ng'ombe iliyobaki kwenye pampu. Dawa hiyo, kwa kipimo cha ng'ombe, inaweza kumuua kilebu. Aulizwe daktari wa mifugo kuhusu dawa inayofaa umri wake.

Chanjo ya kuzuia maradhi kama parvo, ambayo husababisha kuhara damu, huanza akiwa na wiki sita hadi nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka.

Hapa ndipo familia nyingi huteleza. Kilebu anayefika akiwa na wiki nane ana takriban wiki nne kabla ya chanjo hiyo. Katika muda huo hana kinga ya kutegemewa, na ndio muda ambao watoto hucheza naye zaidi. Kwa hiyo asitolewe nje ya boma kuchanganyika na mbwa wa barabarani. Siku anapofika nyumbani, tarehe ya chanjo iandikwe kwenye kalenda ukutani. Na iwapo kampeni ya chanjo ya bure itafika kijijini kabla ya tarehe hiyo, kilebu asiachwe nyumbani kwa kudhani ni mdogo mno. Shirika la Afya Duniani linashauri vilebu wachanjwe pia wakati wa kampeni. Ili ugonjwa huu ukome katika eneo, angalau asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuwa wamechanjwa, na vilebu wamo katika hesabu hiyo.

Akimuuma mtu

Jeraha la kilebu lisidharauliwe. Hata mkwaruzo mdogo wa jino uoshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Usipakwe pilipili, majani wala udongo. Kisha aliyeumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ili mhudumu aamue kama anahitaji chanjo. Akianzishiwa, amalize sindano zote. Dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Kabla ya hapo, ugonjwa unazuilika.

Kilebu mwenyewe asiuawe kwa hasira. Kama anaonekana mzima, afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku kumi, na afisa wa mifugo ajulishwe. Akibadilika tabia, akitokwa na mate mengi, akishindwa kumeza au akiuma ovyo, mtu yeyote asimkaribie. Wapo waliodhani mfupa umemkwama mbwa kooni wakatia mkono mdomoni kuutoa. Jambo hilo ni la hatari kubwa.

Wajibu wa kila boma

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Hata hivyo, hakuna afisa anayeweza kuwepo katika kila boma usiku wa kwanza kilebu anapolia. Kazi hiyo ni ya mwenye boma.

Wakazi wanaombwa kumjulisha afisa wa mifugo wa wadi yao kila wanapopata mbwa mpya, ili waelekezwe kuhusu dawa ya minyoo, tarehe za chanjo, na kuhasi mbwa wasiokusudiwa kuzaa. Cheti cha chanjo kihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua. Siku mtu akiumwa, cheti hicho ndicho kitu cha kwanza kitakachoulizwa.