Hela Niliyotuma kutoka Muscat: Mafunzo Matano

Nina kibanda cha uwakala wa simu Manundu, hapa Korogwe mjini. Kila mwisho wa mwezi wanashuka kina mama kutoka vijijini, wengine kwa bodaboda, kuja kutoa hela waliyotumiwa na watoto wao walioko Oman, Dubai na Saudia. Wiki iliyopita mmoja alinikabidhi simu yake na kunitajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Nilimrudishia simu, nikamwomba abonyeze mwenyewe. Marehemu mama yangu naye alikuwa akiitaja yake kwa sauti, na aliyepaswa kumfundisha ni mimi.

Nilifanya kazi za ndani Muscat, Oman, kuanzia 2009 hadi 2021. Nilitokea Sindeni, wilaya ya Handeni. Wasichana wanaopita kuniaga siku hizi kabla ya kwenda huko wana nia ile ile niliyoondoka nayo: kujenga, kusomesha, kufungua biashara. Nawaandikia wao, ili makosa yaliyonigharimu miaka wao wayaepuke kwa kusoma.

1. Mshahara uliobaki kwa bosi bado si wako

Mwezi wa kwanza bosi aliniuliza kama nataka mshahara wangu mkononi au aniwekee. Ulikuwa rial 80. Sikuwa na akaunti, sikuruhusiwa kutoka peke yangu, na duka la kutuma hela lilikuwa mbali. Nikamwambia aniwekee. Baada ya miezi saba nilipouomba, nilitegemea rial 560. Alinihesabia 400, akasema nyingine zimekwenda kwenye nguo, dawa na vocha za simu.

Kilichonishangaza ni kwamba mama yule hakuwa mtu mbaya kwangu. Tulikula chakula kimoja, na nilipougua alinipeleka hospitali mwenyewe. Nilikuwa naamini mtu mwema hadaiwi karatasi. Kumbe wema na hesabu ni vitu viwili, na anayeumia hesabu zikikosekana ni mnyonge. Mwaka wa pili nilinunua daftari dogo. Kila tarehe ya mshahara yeye aliandika kiasi, akasaini, nami nikasaini. Hatukugombana tena.

2. Andika jina lililo kwenye kitambulisho

Hela yangu ya kwanza niliituma kwa jina la mama likifuatiwa na la baba yangu, kwa sababu kijiji kizima kilimwita hivyo. Mama akatoka Sindeni alfajiri, wakati huo njia ya Korogwe ikiwa vumbi tupu, akafika benki na kadi yake ya mpiga kura. Kadi ilikuwa na jina la babu, baba yake mzazi. Karani akaitazama, akatazama kompyuta, akamwambia majina hayafanani. Mama akarudi nyumbani mikono mitupu, nauli imekwenda, na siku ile nyumbani walikuwa wakisubiri unga.

Aliponieleza kwa simu hakulalamika. Aliniuliza tu: "Mwanangu, mimi ni nani kwenye karatasi zako?" Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo sikuwahi kuishika kadi ya mama yangu na kuisoma.

Kabla hujasafiri, chukua kitambulisho cha kila utakayemtumia, nakili majina herufi kwa herufi, na upige picha. Usitegemee unavyolitamka. Karani halipi jina la nyumbani, na kwa hilo hana kosa.

3. Hesabu shilingi zinazofika

Ruwi, mtaa wa biashara pale Muscat, maduka ya kubadilisha na kutuma fedha yamepangana mlango kwa mlango. Moja lilitoza rial 2 kwa kutuma, jirani yake halikutoza kitu. Kwa miaka mitatu nilikwenda kwa jirani. Siku moja dada mmoja wa Tanga aliniambia niulize swali moja kote kuwili: "Nikikupa rial 100 sasa hivi, nyumbani zitafika shilingi ngapi?" Lile lililotoza ada ndilo lililofikisha nyingi, hata baada ya kukata rial 2. Lile la bure lilikuwa linajilipa kwenye bei ya kubadilishia.

Kuna jingine lililonichanganya zaidi. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola: rial 1 ni kama dola 2.60, na imekaa hapo tangu 1986. Shilingi yetu haikufungwa popote. Mwaka 2009 dola ilikuwa karibu shilingi 1,300, na katikati ya 2015 ilikuwa imevuka 2,000. Rial zangu 80, zilizokuwa kama 270,000, zikawa zaidi ya 410,000 bila bosi kuongeza hata baisa moja. Nikaona nimeongezewa mshahara, nikachukua jukumu la kusomesha watoto wengine wawili wa ukoo. Nilipouliza bei ya bati na nondo ndipo nilipoelewa kwamba nazo zilikuwa zimepanda. Shilingi ikishuka, usijipangie majukumu mapya kabla hujauliza bei za dukani nyumbani.

4. Hela isiyotajiwa kazi ina wenyewe wengi

Kwa miaka miwili nilimtumia kaka hela kila mwezi nikimwambia, "Ya nyumba na matumizi." Nilikuwa na kiwanja Chanika, Handeni mjini. Nilipokuja likizo 2013 nilikuta msingi peke yake, majani yameupita kimo.

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Kaka hakusema kitu. Aliingia ndani, akatoka na daftari la shule lenye jalada la bluu, akalifungua mapajani mwangu. Dawa za mama. Jeneza la mjomba. Magunia manne ya mahindi, mwaka mazao yalipokauka. Ada ya binti wa dada. Kila mstari una tarehe, na kila mstari nilikuwa naujua, kwa sababu mwenyewe nilipigiwa simu kuambiwa. Hakukuwa na shilingi iliyoibwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilikuwa na daftari na habari zote. Ilichokosa ni kazi iliyotajwa tangu mwanzo. Mimi sikusema ipi ni ya tofali na ipi ni ya unga, na unga hauwezi kusubiri.

Tulikaa chini tukagawa mafungu matatu. La mama lilikwenda kwake moja kwa moja, tarehe 5 ya kila mwezi. La ujenzi nililipa duka la vifaa, kaka akipokea saruji na kunitumia picha ya risiti. La tatu lilikuwa la dharura, kwa kiasi tulichokubaliana, na likiisha tulingoja mwezi uliofuata. Nyumba iliezekwa baada ya miaka mitatu.

5. Laini na akaunti viwe kwa jina lako

Mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole ulipotangazwa kuwa tarehe 20 Januari 2020, mimi nilikuwa Muscat na sina namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) iliyotakiwa. Laini yangu ya nyumbani, niliyoitumia kuweka akiba, alikuwa nayo mpwa wangu. Akaisajili kwa namba yake ili isifungwe, nami nikamshukuru.

Miezi michache baadaye niliweka hela, na nusu yake ikakatwa. Kijana alikuwa amekopa kupitia simu, na deni hujikata lenyewe hela ikiingia. Laini ilikuwa yake kisheria, na hela iliyomo ikahesabiwa yake. Alilia kwa aibu, akanirudishia kidogo kidogo. Lakini hata asingenirudishia, ingekuwa vigumu kumshtaki.

Benki kubwa za nyumbani, zikiwamo CRDB na NMB, zina akaunti za Watanzania walio nje. Fungua yako kabla ya safari, na ujue itakavyofanya kazi ukiwa huko.

Wadogo zangu, nendeni, na nendeni na nia zenu kubwa. Ila kabla hujapanda basi la Dar es Salaam, uwe na namba ya NIDA, akaunti yenye jina lako na picha ya kitambulisho cha mama. Na jioni moja kaa naye, mfundishe kubonyeza namba ya siri mwenyewe, bila kuitamka.