Maharagwe yangu yanakula makala

*Dada yangu yuko Mombasa, maharagwe yake yanaiva upesi kuliko yangu hapa Bunia. Nimenunua sufuria ya presha, lakini inapiga kelele, naogopa italipuka. – Mama wa watoto wanne, Bunia*

Mama, kosa si lako. Bunia iko juu, karibu mita 1,270 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 96 hivi badala ya 100 kama kwa dada yako, ndiyo maana maharagwe yako yanachelewa kuiva. Katika sufuria ya wazi, ukiongeza makala maji hukauka haraka tu; joto lake halipandi.

Ukiufungia mvuke, presha hupanda na joto hupanda nayo. Sufuria ya presha ya bar 1 hufika karibu nyuzi 118 hapa kwetu. Kelele unayosikia ni valvu ikitoa mvuke uliozidi, na ndiyo inayokulinda. Ikianza, punguza makala. Maharagwe na maji visipite nusu ya sufuria, na kila mara safisha tundu la valvu, kwani ganda moja linatosha kuliziba. Usifungue kwa nguvu. Ngoja presha iishe.

Mpira wa kifuniko ukipasuka, au mvuke ukitoka pembeni, acha kuitumia hadi fundi aikague. Mvuke ukikuunguza, mwagia maji baridi dakika 20, kisha nenda kituo cha afya.