SOMO: KINGA YA WIZI KWA PIKIPIKI YA ZAMANI



Wengi wetu huacha pikipiki nje ya viwanda vya Masoro, Kigali, kutwa nzima. Ikiibwa, mishahara ya miezi mingi imekwenda. Baadhi ya pikipiki mpya hutoka kiwandani na ufunguo wenye alama ya siri. Bila huo injini haiwaki. Ya zamani tuiwekee swichi ya kujificha.

Kwanza, chomoa plagi ya waya za ufunguo, kisha piga kiki. Isipowaka, mwone fundi. Ikiwaka, ufunguo wako huzima injini kwa kupeleka umeme wa CDI kwenye fremu. Mwizi akikata waya, anaondoka nayo.

Pili, kwenye waya huo wa kuzimia, karibu kabisa na CDI, unga waya mwingine upitie swichi iliyofichwa hadi kwenye fremu. Ukiegesha, iwashe: cheche hakuna, hata waya za ufunguo zikikatwa.

Tatu, funika waya huo kwa mpira. Ukichubuka na kugusa fremu, injini itazimika barabarani.

Swichi haimzuii mwizi kuipakia garini. Fungeni minyororo, na kupitia kamati zenu daini maegesho yenye mlinzi.