Namba za simu ziandikwe kabla ya hatari



Mbegu tunazichunga kabla ya mvua. Namba za simu nazo tuzichunge kabla ya hatari.

Mnakumbuka Jumamosi tarehe 22/05/2021, Nyiragongo ilipolipuka. Siku tano baadaye serikali iliamuru kartie 10 za Goma zihame. Watu walikimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na Gisenyi, na watoto wengi walipoteana na wazazi. Simu ikiisha moto, namba zote zinabaki ndani yake.

Basi tufanye hivi:

1. Andika namba tano kwenye karatasi, uifunge ndani ya sashe. Kila mtoto awe na yake.

2. Anza kila namba na +243. Ukivuka Gisenyi na kuazima simu ya Rwanda, namba inayoanza na 0 haipiti.

3. Chagua ndugu mmoja aliye mbali, kama Butembo. Wote mumjulishe yeye: «Niko Sake, niko mzima.» Yeye ndiye atawaunganisha.

4. Tuma mesaji. Inakula moto kidogo, na simu ya mwenzako ikiwa imezimika, itaipata ikiwashwa.

5. Patana mapema mahali pa kukutana kama mtandao umekufa: shule, kanisa ao msikiti.

6. Koperative igawanye wanachama kumi kumi, kila kundi na mtu wa kuhesabu wake. Orodha ikae kwa watu wawili wa kartie tofauti, isibaki depo peke yake.

Mkutano ujao kila mmoja alete karatasi yake, tujaribu namba moja moja. Namba iliyokwisha kubadilishwa haisaidii mtu.