Sindano ya makunyanzi kwenye uso uliowahi kuumia

Mama mdogo wangu anauza karoti na njegere Soko Kuu la Chifu Kingalu, hapa hapa mjini Morogoro. Mwezi wa tano alinipigia simu nikiwa natoka maabara. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia kwenye hoja: "Mwanangu, si unasoma udaktari wewe? Hebu niambie, hizi sindano za kuondoa mikunjo usoni, mtu aliyewahi kupasuka uso anaruhusiwa?"

Nikamjibu ninavyojibu ukoo mzima tangu mwaka wa kwanza: "Mama mdogo, mimi nasoma udaktari wa mifugo."

"Kwani ng'ombe hana uso?"

Binti yake alikuwa na sendofu mwezi wa tisa, na shoga yake wa Dar es Salaam alikuwa amempa namba ya mtu anayechoma Botox. Bei alishatajiwa. Kilichomsumbua ni kovu. Mwaka 2019 alikuwa anashuka kutoka Mgeta kwa bodaboda na mzigo wa mboga, bila helmeti, na kabla hawajafika Sangasanga pikipiki ikateleza kwenye kona. Alishonwa juu ya jicho la kushoto. Kovu limekata nyusi katikati mpaka leo.

Nilicheka, halafu nikaona kwamba swali lake naliweza kuliko nilivyodhani. Sumu iliyomo kwenye sindano hiyo tunaisoma hapa SUA, ila sisi tunaisoma upande wa ng'ombe aliyelala chini akashindwa kuinuka. Ng'ombe anayelishwa malisho yenye upungufu wa fosforasi huanza kutafuna mifupa ya wanyama waliokufa. Humo ndani, pasipo na hewa ya oksijeni, bakteria Clostridium botulinum huwa ameshatengeneza sumu yake. Miguu inalegea, ulimi unalegea, mwishowe misuli ya kupumua nayo inagoma.

Kwa binadamu mara nyingi huja kupitia chakula kilichohifadhiwa vibaya. Bakteria huyu alitambuliwa Ubelgiji baada ya wanamuziki waliopiga kwenye msiba mwaka 1895 kula paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na watatu wao kufariki. Nchi jirani zetu nazo zimeionja. Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha ripoti ya wafugaji wa Kenya waliodhurika kwa kula kumbikumbi, na mwaka 2008 Uganda ilikuwa zamu ya wanafunzi wa shule ya bweni. (Wale wa hosteli mnaofungia mboga kwenye kopo wiki nzima, salamu zenu.)

Sumu ya saluni ni hiyo hiyo. Kinachotofautiana ni kipimo na mahali inapowekwa. Neva ikitaka msuli ukaze, ncha yake humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii huingia kwenye ncha hiyo na kukata protini inayosaidia kemikali kutoka nje. Ubongo unatuma amri, amri inafika mlangoni, mlango haufunguki. Msuli unatulia, ngozi iliyo juu yake inaacha kukunjamana. Matokeo huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kama wiki 2 hivi, na hudumu miezi 3 hadi 4, kwa sababu mwili hutengeneza upya njia za mawasiliano.

Madaktari wa macho ndio waliotangulia kuitumia. Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazobana zenyewe. Ruhusa ya mikunjo ya katikati ya nyusi ilikuja mwaka 2002. Kipimo cha kawaida cha Botox hapo katikati ya nyusi ni yuniti 20, zikigawanywa sehemu 5. Na yuniti 1 ni nini? Ni kiasi kinachoua nusu ya panya wa maabara waliochomwa. Ndiyo, wameipima hivyo. Pia yuniti za kampuni moja si sawa na za nyingine, kwa hiyo anayesema "nakuchoma 20" bila kutaja ni dawa gani hajasema kitu.

Sasa tuje kwenye jeraha, maana hapo ndipo mama mdogo alipouliza swali la maana kuliko wengi wanaokwenda na nyuso zisizo na alama.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilimwomba akae dirishani, aangalie mbele bila kujitahidi, nikamwangalia tu. Mikunjo ya paji lake haikuwa sawa. Kulia ilikuwa ya kawaida kwa mtu wa umri wake, kushoto ilikuwa ya kina, kama mifereji. Yeye alidhani ni kovu linavuta ngozi. Nikamwambia afumbe macho, alegeze paji, halafu nikaweka kidole juu ya nyusi ya kushoto na kuibana kwenye mfupa ili isipande. Nikamwambia afumbue.

Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilifunguka nusu. Kope la juu lilikuwa limeshuka mpaka linafunika sehemu ya mboni.

Kilichotokea kwake, kwa miaka yote hiyo, ni kwamba ile ajali ilidhoofisha kinachoinua kope la kushoto. Mwili ukatafuta njia nyingine. Msuli wa paji la uso ukajitwika kazi ya kuvuta nyusi juu, na nyusi ikapanda na kope. Anafanya hivyo kuanzia anapoamka mpaka analala, bila kujua. Ile mikunjo aliyotaka kuiondoa ndiyo iliyokuwa inamwezesha kuona kwa jicho la kushoto. Paji likichomwa kipimo cha kawaida, kulia na kushoto sawasawa, msuli ungelegea na jicho lingejifunga nusu kwa miezi kadhaa. Na hakuna dawa ya kuirudisha sumu ikishashika neva. Unasubiri tu iishe.

Sikumwambia kwa maneno hayo. Nilimpa kioo na kumwekea kidole tena, akajionea. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Kumbe."

Hii haina maana kwamba kila aliyewahi kuumia uso asichomwe. Maelezo ya dawa yenyewe yanataka tahadhari, si katazo, kwa mtu mwenye uso usiolingana pande mbili, kope lililolegea au kovu lililoingia ndani ya ngozi. Mchomaji anatakiwa ajue kilicho chini ya ngozi kabla ya kuamua kipimo cha kila upande, na wakati mwingine jibu sahihi ni upande mmoja usiguswe kabisa. Vyuma vilivyowekwa kuunga mfupa wa shavu au taya havisumbuliwi na sumu hii, kwa kuwa yenyewe inafanya kazi kwenye ncha za neva. Jeraha jipya ni jambo jingine: neva iliyoumia huota upya taratibu, takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo uso wa miezi michache baada ya ajali bado unabadilika, na ukiuchoma leo unapima kitu ambacho kesho hakipo. Ngozi yenye usaha au uvimbe haichomwi. Na mtu aliye kwenye gentamisini, antibayotiki ya kawaida sana kwenye hospitali zetu, aseme, kwa sababu nayo hudhoofisha mawasiliano ya neva na msuli na inaweza kuzidisha nguvu ya sumu.

Kuna hata waliojeruhiwa ambao sindano hii ndiyo tiba yao. Neva ya uso ikipona vibaya, matawi hukosea njia: mtu akitabasamu jicho linajifumba. Daktari anayejua kazi yake huchoma kidogo msuli unaokosea, au upande mzima ili ulingane na ule dhaifu. Nilipomweleza mama mdogo hilo alishangaa kuliko yote, kwamba unaweza kulegeza upande ambao haukuumia.

Tulirudi kwenye ile namba ya Dar es Salaam. Nilimwomba aulize maswali matatu kwa ujumbe: dawa ni ya kampuni gani, inahifadhiwa wapi, na atakayechoma amesajiliwa wapi. La kwanza lilijibiwa "original kutoka nje". La pili, "usijali dada". La tatu halikujibiwa. Kwa kawaida dawa hii hukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8, na huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali kabla ya kuchomwa. Anayeichanganya ndiye anayejua ameweka maji kiasi gani. Huko Florida mwaka 2004 watu wanne walichomwa sumu ghafi ya maabara ambayo haikuruhusiwa kwa binadamu. Walilazwa wamepooza, wakahitaji mashine za kupumulia.

Na hapa niseme kitu ambacho wenzangu wengi hukosea. Tunaita urembo, tunafikiri ni kama losheni. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, lakini hii ni dawa, na dawa ni kazi ya TMDA. Anayekuchoma anafanya kazi ya tabibu, hata kama amevaa aproni ya saluni na nyuma yake kuna kioo chenye taa.

Mama mdogo hakwenda Dar. Alikwenda kwa daktari wa macho akiwa na kadi yake ya mwaka 2019, ambayo, Mungu ambariki, alikuwa ameihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Daktari alirudia lile jaribio la kidole (nilijisikia fahari, nisiseme uongo), akapima kope kwa rula, akamwambia kuna upasuaji mdogo wa kuliinua, na kwamba kope likipanda huenda paji likapumzika lenyewe na mikunjo ikapungua bila sindano yoyote. Akapewa tarehe ya mwezi wa kumi na moja.

Sendofu ilifanyika kabla ya hapo. Alivaa kilemba kikubwa cha rangi ya dhahabu, akakifunga chini kidogo upande wa kushoto, na kila mpiga picha alipokaribia nilimwona anageuza shavu la kulia.