Kufundisha Usanifu wa Mifumo ya Shirika Kubwa: Somo la LUKU katika Darasa la Sita

Mwezi Mei 2021 wateja wengi wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) walishindwa kununua umeme kwa siku kadhaa. Chanzo hakikuwa ukame wala nguzo zilizoanguka. Kilichopata hitilafu ni mfumo wa kompyuta wa kuuzia LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Nyumba iliyokuwa na uniti katika mita yake iliendelea kuwaka taa. Iliyoishiwa uniti ilibaki gizani, ijapokuwa mwenye nyumba alikuwa na fedha mkononi. Kwa nini sehemu moja ya kazi ilisimama na nyingine ikaendelea? Swali hilo ndilo kiini cha somo hili.

Aghalabu mwalimu mwanafunzi aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hufundisha TEHAMA kwa kuchora kompyuta ubaoni na kuwakaririsha watoto majina ya sehemu zake. Njia hiyo haitoshi. Mtoto wa Tlawi ambaye hutumwa na mama yake kununua umeme, kisha akabonyeza tarakimu 20 kwenye mita, amekwisha kuushika mfumo mkubwa kwa vidole vyake. Kazi ya mwalimu ni kumfumbua macho auone.

Maelezo kwa mwalimu

Shirika kubwa halifanyi kazi kwa kompyuta moja. Lina mifumo mingi: wa orodha ya wateja, wa malipo, wa kutengeneza tarakimu za LUKU, na tena mifumo ya makampuni ya simu iliyo nje ya shirika. Kusanifu ni kuamua kila sehemu ifanye nini, na sehemu hizo zipashane habari kwa makubaliano gani.

Katika LUKU makubaliano hayo yalibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa yanatumika katika nchi nyingi. Ndani ya tarakimu 20 kumefichwa kiasi cha umeme ulionunuliwa na dakika ambayo tarakimu zilitengenezwa. Mita husika pekee ndiyo yenye ufunguo wa kuzisoma. Kwa hiyo mita haihitaji kuunganishwa na ofisi kwa waya wala kwa simu. Mjumbe kati yake na ofisi ni mteja mwenyewe. Ndiyo sababu hitilafu ya mwaka 2021 haikuzima nyumba zilizokuwa na uniti.

Mifumo ikiisha kuungana, kazi nyingine hupandishwa juu yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Awali ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji ukawa rahisi, lakini likazuka swali jipya: anayenunua umeme huenda ni mpangaji, na mwenye kodi ni mwenye nyumba. Mita haijui tofauti hiyo.

Madhumuni

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze: (a) kutaja sehemu zinazohusika katika ununuzi wa LUKU na kazi ya kila moja; (b) kueleza sehemu ipi itaendelea na ipi itasimama kiungo kimoja kikikatika.

Zana

Vipande vya karatasi, chaki na ubao. Kompyuta haihitajiki. Watoto wengi wa huku huzungumza Kiiraqw nyumbani. Basi maneno kama "mfumo" na "kiungo" yatolewe baada ya tendo, si kabla yake.

Hatua za somo

1. Chagua watoto watano: Mteja, Simu, Ofisi, Mita ya Kwanza na Mita ya Pili. Mita wakae pembeni, wakiwapa wenzao mgongo. Mita ya Kwanza apewe namba ya siri 2748, Mita ya Pili 1962. Ofisi azijue zote mbili. Kila mita aambiwe kwamba mara ya mwisho alipokea ununuzi wa 96, na asikubali namba isiyozidi ile aliyokwisha kuipokea.

2. Mteja ampe Simu fedha za karatasi kwa ajili ya Mita ya Kwanza. Simu aarifu Ofisi. Ofisi aandike uniti 15 na ununuzi wa 97, yaani 1597, ajumlishe siri 2748, apate 4345. Mteja apeleke namba hiyo kwa Mita, naye atoe siri yake na kusoma 1597. Kisha namba hiyohiyo ipelekwe kwa Mita ya Pili. Atapata 2383, yaani ununuzi wa 83, naye ataikataa. Waache watoto waeleze sababu wenyewe.

3. Mwondoe Simu. Uliza: nani amekwama? Nani anaendelea? Hapa urudi kwenye kisa cha Mei 2021.

4. Mrudishe Simu, mwendelee hadi ununuzi wa 99. Unaofuata ni wa 100, lakini nafasi ni za tarakimu mbili tu. Ofisi ataandika 00, na Mita ataikataa ingawa Mteja amelipa. Usiwape jibu haraka.

Jambo hili si mchezo mtupu. Katika mfumo halisi dakika zilihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa hutosha hesabu 16,777,216 tu. Watoto wagawanye kwa dakika 1,440 za siku moja. Watapata siku 11,650 na zaidi, yaani karibu miaka 32. Mwisho wake ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Kwa sababu hiyo mwaka ule wateja wa TANESCO walipewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili ufunguo wa mita, na la tatu la umeme walionunua.

Tahadhari

Usimlaumu mbuni wa mwaka 1993 mbele ya watoto. Alikuwa na nafasi finyu, akachagua. Na makubaliano yake yalikuwa na njia ya kubadili ufunguo bila kung'oa mita. Huo ndio usanifu mwema: kujua kwamba kila kipimo kina mwisho, na kuacha mlango wa kukirekebisha.

Zoezi

Hesabu mpya imeanzia tarehe 1 Januari 2014. Wanafunzi watafute itakwisha mwaka gani. Watakuta ni 2045, wakati wao watakuwa na nyumba zao, na huenda baadhi yao ndio watakaokuwa ofisini wakitakiwa kulitatua.